Baridi ya Tukuyu na amana ya mtoto mchanga

Shukrani zote ni zake Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, aijuaye wilaya ya Rungwe hahitaji kusimuliwa baridi yake. Mji wa Tukuyu upo katika nyanda za juu, kandokando ya Mlima Rungwe, na mvua yake ni miongoni mwa zile nyingi kabisa nchini. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku huwa mkali, na mama aliyejifungua huwa na hofu moja: mwanawe asipigwe na baridi. Basi mtoto huvishwa sweta mbili na kofia ya sufu, hufunikwa blanketi zito hadi usoni, kisha jiko la mkaa huingizwa chumbani na mlango ukafungwa.

Huruma hiyo ni njema, lakini huruma isiyo na elimu yaweza kumdhuru yule anayehurumiwa.

Tuanze na jiko. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Musa Al-Ash'ari (R.A.) habari ya nyumba iliyowaungukia watu wake usiku mjini Madina. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa, alibainisha kuwa moto ni adui wa binadamu, akaamrisha uzimwe kabla ya kulala. Mkaa mwekundu usiotoa moshi ndio unaowahadaa wengi. Hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huzuia damu kubeba oksijeni. Aliyelala huweza kufa pasipo kuamka. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Jiko lisiingizwe kabisa katika chumba cha kulala.

Je, mtoto atapata wapi joto? Katika sura ya An-Nahl, aya ya 80 na 81, Allah ametukumbusha neema ya sufu, manyoya na mavazi yenye kutukinga. Lakini neema nayo hutumiwa kwa kiasi. Kanuni nyepesi ni hii: mtoto avae nguo moja zaidi ya zile zinazomtosha mtu mzima katika chumba hicho. Fulana ya pamba, juu yake nguo ya flaneli yenye mikono mirefu, suruali na soksi, humfaa katika usiku mwingi. Penye baridi zaidi, aongezewe sweta jepesi lisilo na kamba wala vifungo vilivyolegea.

Blanketi liwe jepesi, lifike kifuani, lichomekwe pembeni, na mikono ibaki juu yake. Mto usiwekwe, wala mtoto asiingizwe chini ya blanketi la wazazi. Kofia ivuliwe wakati wa kulala, kwani mtoto hupunguza joto kwa kupitia kichwani; lakini aliyezaliwa kabla ya wakati afuatiwe maelekezo ya kliniki.

Ili kujua hali yake, mguse kifuani au shingoni, si mikononi, maana mikono ya mtoto huwa baridi hata akiwa salama. Akitoka jasho, mpunguzie nguo. Kifua kikiwa baridi, mweke kifuani pako ngozi kwa ngozi, mfunike pamoja nawe ukiwa macho, na umnyonyeshe. Akiwa mnyonge au akikataa ziwa, apelekwe hospitali mara moja.

Kisha alazwe chali. Marekani ilipoanza kuwahimiza wazazi jambo hilo mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa takriban nusu katika miaka iliyofuata.

Wapo pia wanaomfunga mtoto hirizi shingoni. Uzi huo waweza kumkaba usiku. Kinga ya Muislamu ni dua: Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwaombea kinga kwa Allah wajukuu wake Hasan na Husein, kama Nabii Ibrahim (A.S.) alivyowaombea Ismail na Is-haq.

Wala mzigo huu si wa mama peke yake. Aya ya 233 ya sura ya Al-Baqara imemwajibisha baba kumlisha na kumvisha mama anayenyonyesha. Basi baba anunue flaneli kabla ya Juni, na usiku awe yeye wa kulitoa jiko nje.

Mtoto ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Allah atuhifadhie watoto wetu. Amin.