Kumbukumbu ya kompyuta: Pima kabla ya kutoa fedha

Kuanzia nusu ya pili ya mwaka 2025, bei ya kumbukumbu za kompyuta, yaani RAM, ilipanda kwa kasi katika soko la dunia. Watengenezaji wakubwa ni watatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, pamoja na Micron ya Marekani. Wote walielekeza sehemu kubwa ya uzalishaji wao kwenye mitambo ya akili mnemba, ambayo wanunuzi wake hulipa vizuri zaidi. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuacha biashara ya kuwauzia wanunuzi wa kawaida RAM za chapa ya Crucial.

Kwa mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala mjini Korogwe, au mnunuzi wa mahindi wa Handeni anayetunza hesabu zake kwenye kompyuta ya mezani, maana yake ni moja: kosa la kununua RAM isiyofaa limekuwa ghali. Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilometa 65 hivi. Aliyefuata kipuri huko na kurudi na kisichoingia hana budi kulipa nauli tena, na siku mbili za biashara zimekwisha potea.

Je, kasoro ni RAM?

RAM ni kama kaunta ya duka, na diski ni kama stoo. Kaunta ikijaa, muuzaji hukimbia stoo kila mara, na wateja hupanga foleni. Kompyuta iliyo nzuri asubuhi lakini inayosuasua pindi kazi kadhaa zinapofunguliwa pamoja huenda ina kaunta ndogo.

Kupima hakuna gharama. Katika Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha utazame kiasi cha kumbukumbu kinachotumika wakati wa kazi za kawaida. Kikizidi asilimia 85 kwa muda mrefu, kuongeza RAM kutasaidia. Kikiwa nusu tu na mashine bado ni nzito, yafaa kuitazama diski. Kubadili diski ya zamani inayozunguka na kuweka ya SSD mara nyingi huleta nafuu kubwa zaidi.

Aina haziingiliani

RAM za DDR3, DDR4 na DDR5 haziwezi kubadilishana nafasi. DDR3 hutumia umeme wa volti 1.5, DDR4 volti 1.2, na DDR5 volti 1.1, na pengo la chini la kila aina liko mahali pake. Aidha, baadhi ya kompyuta za mezani zenye umbo dogo hutumia RAM fupi za laptop. Kabla ya safari, mnunuzi anashauriwa kuichomoa RAM iliyomo, kuipiga picha lebo yake kwa simu, na kuhesabu nafasi zilizo wazi.

Yapo mambo mengine mawili ya kuangalia. Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4, hata mtu akiweka GB 16. Pili, Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inahitaji angalau GB 4 za RAM, lakini pia inadai prosesa iliyoidhinishwa na kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Mashine isiyo na hivyo viwili haiokolewi na RAM, na mwenye nayo yafaa apige hesabu ya kununua nyingine.

Namna ya kufunga

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Fungua kasha, na uguse chuma chake kabla ya kushika RAM, kwa kuwa umeme tuli wa mwilini unaweza kuiunguza. Ishike kwa kingo, bila kugusa meno ya dhahabu.

Fungua vibanio vya nafasi, linganisha pengo la RAM na kijino cha nafasi, kisha ikandamize ncha zote mbili hadi vibanio vijifunge kwa mlio. Ikigoma, usitumie nguvu. Ama imegeuzwa, ama si aina yake. Mashine ikipiga milio bila kuonyesha kitu kwenye skrini, mara nyingi RAM haijakaa sawasawa. Zima, chomoa waya, na uipachike upya.

Ikiwaka, hakikisha kiasi kipya kinasomeka. Penye nafasi mbili, RAM mbili zinazofanana za GB 4 kwa kawaida hufanya kazi haraka kuliko moja ya GB 8.

Mnunuzi adai risiti na makubaliano ya kurudisha bidhaa kabla ya kulipa. RAM ya zamani nayo isitupwe. Ikiwa bado nzima ina mnunuzi wake, na kipuri kipya kikileta matatizo, ndiyo itakayolifanya duka lifunguliwe kesho yake.