Uzamili wa uhandisi wa mifumo kwa mtandao: je, unamlipa msafirishaji?

Meneja wa kampuni ya malori au ya uwakala wa forodha anayetaka kurudi masomoni bila kuacha kazi anaweza sasa kusoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa mifumo akiwa hapa hapa, kwa njia ya mtandao. Swali ni kama gharama yake inarudi.

Jina la fani hii huwapotosha wengi wakadhani ni masomo ya kompyuta. Mhandisi wa mifumo huangalia jinsi sehemu nyingi zinavyofanya kazi kwa pamoja, hasa pale moja inapokabidhi nyingine. Fani ilianza kukua Marekani katika miaka ya 1940, kwenye simu na silaha, na chama chake cha kimataifa, INCOSE, kilianzishwa mwaka 1990.

Mfano uko Malaba. Tangu mwaka 2014, chini ya Himaya Moja ya Forodha, ushuru wa mzigo unaokwenda Uganda hushughulikiwa kabla lori halijatoka Mombasa. Mwaka 2017 zikaja lakiri za kielektroniki za kufuatilia shehena. Kituo cha pamoja cha huduma mpakani nacho kikajengwa. Lakini mwaka 2020, madereva walipoanza kupimwa korona mpakani, foleni ilifika makumi ya kilomita. Karatasi za mzigo zilikuwa safi na lakiri zilifanya kazi. Kilichokwama ni majibu ya maabara ya mtu aliyeshika usukani. Waliounganisha forodha za nchi mbili hawakuwa wameunganisha idara za afya.

Hilo ndilo somo lenyewe. Mwanafunzi hufundishwa kuuliza kwanza nani anahitaji nini, kuandika mahitaji hayo kwa namna inayoweza kupimwa, ndipo asanifu, kisha ajaribu kila sehemu peke yake na baadaye zote zikiwa zimeunganishwa. Kampuni nyingi huanzia mwisho: hununua programu ya kufuatilia magari, halafu ndipo hugundua kwamba haizungumzi na mfumo wa ankara, na karani anachapa kila kitu mara mbili.

Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani ni miongoni mwa vinavyotoa shahada hii kwa wanaofanya kazi. Ina kozi 10, na mwanafunzi hupewa hadi miaka mitano kuzimaliza. Masomo hupangwa kwa wiki, na sehemu kubwa mtu husoma kwa saa anazotaka mwenyewe. Ila kikao cha moja kwa moja kikiwekwa saa moja jioni huko Baltimore, Nairobi na Dar es Salaam huwa saa nane au saa tisa usiku, kutegemea majira. Anayepokea simu za madereva usiku kucha huenda hilo lisimsumbue sana.

Kinachosumbua ni ada. Kozi moja imepita dola 5,000, maana yake shahada nzima inazidi dola 50,000. Kwa fedha hizo kampuni ndogo inaweza kununua kichwa cha lori kilichotumika, na kwa mwenye malori matatu hilo ndilo jambo la busara zaidi. Hesabu hubadilika kwa kampuni yenye magari mengi, bandari kavu, au inayotengeneza mifumo ya uondoshaji mizigo, ambako kosa moja la usanifu hurudiwa kwenye kila kontena.

Kuna njia ya kati. Taasisi ya MIT ilitangaza mwaka 2015 mpango wa kozi tano za usimamizi wa mnyororo wa ugavi kwa mtandao, na kujiunga hakuhitaji shahada ya kwanza. Haugusi uhandisi wa mifumo wote, ila unagusa sehemu anayoishi msafirishaji: akiba ya bidhaa, njia, muda na teknolojia. Anayemaliza kozi na kufaulu mtihani wa mwisho anaweza kuomba nafasi katika baadhi ya vyuo vinavyohesabu kozi hizo kama sehemu ya uzamili.

Aidha, anayetaka shahada hiyo itambuliwe nyumbani, kwa ajira ya serikali au kufundisha chuoni, aulize kwanza mamlaka ya elimu ya juu ya nchi yake, kama TCU kwa Tanzania au NCHE kwa Uganda. Aulize kwa maandishi, akitaja chuo na kwamba masomo ni ya mtandaoni, kabla ya kulipa ada ya kozi ya kwanza.