Juu ya Maneno ya Kiingereza ya Kupimia Muda

Miaka kadhaa iliyopita nalipokea barua ya Kiingereza kutoka ofisi moja, ikinijulisha kwamba kamati ya vitabu vya shule itakutana "bimonthly". Nalijua kwamba "bi" ni Kilatini, maana yake mbili. Nikakata shauri pasipo kutazama kamusi kwamba mkutano ni mara mbili kila mwezi. Basi katikati ya mwezi nikasafiri kutwa nzima, nikakuta mlango umefungwa na mlinzi akinishangaa. Kumbe walikusudia mara moja kila miezi miwili. Nalipomweleza rafiki yangu, aliyefundisha Kiingereza muda mrefu, hakunicheka. Alisema, "Mwalimu, kosa si lako, kosa ni la neno."

Naam, ndivyo. Kamusi kubwa za Kiingereza hulipa neno hilo maana zote mbili, na vivyo hivyo "biweekly": mara mbili kwa juma, au mara moja katika majuma mawili. Watungaji wa kamusi hawakukosa. Huandika yale wayasemayo watu, na watu husema yote mawili. Huko Marekani, tajiri asemapo kwamba mshahara hulipwa "biweekly", maana yake ni kila baada ya majuma mawili, yaani mara 26 kwa mwaka. Malipo ya mara mbili kwa mwezi, yaani mara 24, huitwa "semimonthly", kwa "semi" iliyo nusu. Hapo neno limefungwa na hesabu ya fedha, wala halitetereki. Pasipo na fedha huyumba. Wamejaribu pia kutenga "biannual", mara mbili kwa mwaka, na "biennial", mara moja katika miaka miwili, ndilo neno watumialo wakulima wa bustani kwa mimea kama karoti, iotayo mwaka huu na kutoa mbegu mwaka ujao. Lakini maneno hayo yafanana mno, na mwenye haraka huyachanganya.

La ajabu ni kwamba Waingereza wana neno lao wenyewe lisilo na mashaka, nalo ni "fortnight". Halikutoka Kilatini, ni maneno mawili ya Kiingereza cha kale yaliyofupishwa, usiku kumi na nne. Lilikuwa na ndugu yake, "sennight", usiku saba. Katika kitabu cha Jane Austen kilichotoka mwaka 1813, kasisi Collins ajialika kwa jamaa zake kuanzia Jumatatu tarehe 18 Novemba hata Jumamosi, akiongeza neno hilo la usiku saba baada ya Jumamosi. Msomaji asiyelijua atadhani mgeni aondoka tarehe 23; kumbe atakaa hata tarehe 30, na wenyeji wamvumilie. Neno lenyewe limekwisha kuachwa, lakini muundo wake ungali hai: Mwingereza asemapo "Friday week", hasemi Ijumaa hii ijayo, bali ile iifuatayo. Wamarekani hawana desturi ya kusema "fortnight", na labda ndiyo sababu wameliegemea sana lile neno la Kilatini.

Kwa nini kuhesabu usiku na si mchana? Tacitus wa Rumi, aliyeandika habari za Wajerumani mwaka 98 B.K., alisema kwamba watu wale walihesabu nyusiku wala si siku, na Waingereza wa kale ni wa ukoo huo. Kwetu jambo hili si geni. Kwa desturi ya pwani siku huanza jua lichwapo. Kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule utanguliao mchana wa Ijumaa, ambao wengine huuita usiku wa kuamkia Ijumaa. Hapa mwalimu aangalie sana. Tangazo la Kiingereza likisema "Friday night", naye akaandika "usiku wa Ijumaa", wazee watafika Alhamisi baada ya magharibi, nao hawakukosa. Aandike "Ijumaa usiku", na tarehe kando yake.

Mahali pengine lugha yetu ndiyo tajiri zaidi. Kiingereza kilikuwa na "overmorrow", na Miles Coverdale alilitumia katika Biblia yake ya mwaka 1535. Likatupwa, na leo Mwingereza hulipa maneno manne kwa hiyo kesho kutwa yetu. Mtondo hana kabisa.

Limebaki neno "decade", ambalo waandishi wetu hulitafsiri "mwongo". (Wingi wake ni miongo, waongo ni watu wengine.) Asili ya neno la Kiingereza ni Kigiriki, kumi ya kitu chochote: ndiyo maana fungu la Salamu Maria kumi katika Rozari laitwa hivyo, na Wafaransa walipobadili kalenda yao mwaka 1793 waliliita hivyo juma lao jipya la siku kumi. Mwongo nao ulikuwa siku kumi. Katika mwaka wa Nairuzi, waliouhesabu mabaharia na wakulima wa pwani, kulikuwa na miongo 36 na siku tano za kuukamilisha mwaka. Basi mwenye kusoma mbele ya wazee habari za "mwongo uliopita" na aongeze "wa miaka", wasije wakadhani asimulia mambo ya wiki iliyopita.