Fundi wa lumbesa

Kujaza gunia ni kazi ya mtoto. Kazi ya mtu mzima ni kichwa chake.

Viazi vikubwa huchaguliwa mapema na kuwekwa kando. Gunia likishajaa hadi mdomoni, fundi hulikumbatia, hulinyanyua kidogo na kulibwaga chini, mara nyingine na nyingine, mpaka viazi vishuke na kuacha nafasi ya ndoo nzima. Nafasi hiyo nayo hujazwa. Hapo sasa vile vikubwa hupangwa mdomoni, kimoja kimoja, vikiegemezana kwa duara kama tofali za kisima. Duara la pili hukaa ndani kidogo ya la kwanza, la tatu ndani zaidi, hadi kilele kifunge. Fundi huchukua shazia yenye kamba ya manila, hutoboa ukingo wa gunia, huvusha kamba juu ya kilele mpaka upande wa pili, hurudi, hupishanisha, na kila anapofika ukingoni hukaza kwa goti. Chini ya wavu huo hutandazwa majani, maana kiazi kikikaa kwenye mwanga hugeuka kijani na kuwa kichungu, na muuza chipsi wa Dar es Salaam hakitaki. Gunia likisimama lina mabega, shingo na kichwa.

Hiyo ndiyo lumbesa. Msomaji anaijua, ameiona juu ya Fuso, na amewasikia viongozi wakiipiga marufuku msimu baada ya msimu. Kwa kanuni zilizo chini ya Sheria ya Vipimo, Sura 340, gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ulioanzishwa mwaka 2002 ndio wenye jukumu la kusimamia hilo. Kilichonishika Uwemba, mkoani Njombe, ni ule ufundi wenyewe. Sikujua kwamba kitu kilichokatazwa kinaweza kuwa na mafundi wake, vijana wanaojifunza kwao, na ujira unaojulikana kijiji kizima.

Fundi niliyeketi naye ni mkulima. Analima viazi vile vinavyoitwa Obama, na wakati wa mavuno hushona magunia ya majirani kwa malipo ya kila gunia. Aliomba nisimtaje jina.

"Mzee, huoni kwamba gunia hili linakuibia?" nilimuuliza.

"Mwizi huja usiku, mwanangu. Huyu tajiri anakuja mchana, na chai namkaribisha."

Alisema hivyo bila kuinua macho kutoka kwenye kamba. Kisha akanieleza biashara inavyokwenda, na sijapata maelezo mafupi kuliko yake: "Tunapatana bei ya gunia. Ukubwa wa gunia hatupatani, anakuja nao."

Dalali ndiye anayetangulia, akiwa na magunia matupu ya tajiri wake, yaani mnunuzi. Bei husemwa shambani, kabla ya jembe kugusa tuta. Gunia alilokuwa akilishona siku hiyo fundi alilikadiria kuwa na kilo 140 hivi. Nilipomuuliza amejuaje, alijipapasa mgongoni: "Kiuno kinajua." Mizani ya kumbishia haikuwapo.

Tuchukue makadirio ya kiuno hicho. Mkulima aliyevuna tani 7 angeuza magunia 70 ya kilo 100. Kwa lumbesa ya kilo 140 anauza 50. Magunia 20 yameingia vichwani mwa mengine, na hakuna aliyeyalipia.

Fundi hakukubali hesabu hii kirahisi. "Ukimletea tajiri gunia la kilo 100, atashusha bei. Unadhani yeye mjinga?" Nadhani ana hoja, walau nusu yake. Bei ya gunia dogo ingeshuka, na pengine mwisho wa siku mkulima angerudi nyumbani na fedha ileile. Kama ni hivyo, kwa nini tajiri anahangaika kulipa mtu amshonee kichwa?

"Kwa sababu huko njiani kila mtu anahesabu vichwa," alijibu. "Mwenye gari anahesabu vichwa. Wapakiaji wanahesabu vichwa. Kwenye geti la ushuru wanahesabu vichwa. Hakuna anayepima. Mtu amebeba mzigo wa magunia 70, analipia 50."

Hili la geti ndilo lililonikaa. Halmashauri, yenye wajibu wa kumlinda mkulima, ikitoza ushuru kwa gunia badala ya kwa kilo, inamlipa mfanyabiashara zawadi kwa kila kilo aliyoisukuma juu ya mdomo wa gunia, na yenyewe inapoteza mapato. Mkono mmoja umeshika sheria, mwingine umeshika kitabu cha risiti.

Mpakiaji naye hulipwa kwa gunia, liwe jepesi au zito. Tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani linapendekeza kwamba mwanamume asibebe peke yake zaidi ya kilo 55. Vijana wa Uwemba wanabeba zaidi ya mara mbili ya hizo, wakipanda ubao ulioegemezwa kwenye bodi la gari.

Wakulima si kwamba hawajajaribu kugoma. Fundi anakumbuka msimu ambao walikubaliana hakuna kushona kichwa. Magari yalipita, yakaenda kupakia kijiji kingine. "Siku ya tatu mmoja alimpigia dalali usiku. Ya nne tukashona wote." Kiazi hakisubiri. Korosho za Mtwara zilipoingia kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani msimu wa 2007/08, zilipata pa kukaa: zinapimwa kwa kilo, zinahifadhiwa, zinapigwa mnada. Kiazi cha Njombe ghala lake ni tuta, na mvua ikirudi linageuka kaburi.

Wakenya nao wana kichwa chao, wanakiita mukorino. Kanuni zao za viazi za mwaka 2019 zimeweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, nusu ya chetu, na bado wanavutana na wanunuzi.

Nilimuuliza fundi angetaka nini. Alifikiri. "Nijue kilo ni shilingi ngapi. Basi. Nikishajua, niibiwe kwa hiari yangu." Akacheka, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Na hii lumbesa ikiisha kweli, shazia yangu mtaifanyia nini? Msimu uliopita ndiyo iliyolipa ada ya mtoto, viazi havikulipa."

Mwaka mpya wa fedha wa halmashauri zetu huanza Julai 1. Waheshimiwa madiwani wa mikoa ya viazi na vitunguu, mnapokaa kupanga makusanyo, andikeni ushuru kwa kilo, na mtenge fedha za mizani iliyohakikiwa pale magari yanapopakia. Msiiweke getini kilomita 30 kutoka shambani, mahali ambapo mkulima hayupo kuisoma.