Bugali kiasi, lenga-lenga mingi

Papa akirudi toka Misisi, nyumba yote hapa Uvira inafurahi. Mama anasonga mulima wa bugali, juu bila bugali mtu hajakula. Ku shimo ni sawa: kazi inachoma ile nguvu. Lakini akiketi nyumbani wiki tatu, ule muhogo, karibu wote wanga, unageuka sukari mu damu.

Tujaribu hivi. Bugali iwe kama ngumi moja. Choma mukeke wa ziwa letu na limau na pilipili. Samaki haina wanga. Lenga-lenga iive kidogo tu, na kitunguu na mawese. Ongeza zile biringanya ndogo chungu, jirani zetu wa Bujumbura wanaita intore. Watoto wakikataa, waanze na kipande kimoja. Pahali pa Fanta, pasua avoka, tia chumvi.

Ku soko ya Mulongwe, ukiona mboga usiyoijua, uliza mama muuzaji inapikwa namna gani. Atakufundisha bure.

Angalisho: anayetumia dawa ya ugonjwa wa sukari aongee kwanza na daktari. Akipunguza bugali bila kupima dawa, sukari inaweza kushuka, akaanguka.