Kivuli Kimoja, Maradhi Mawili

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Ndivyo kilivyo na kivuli kionekanacho mapafuni katika picha ya mionzi: ni dalili, si hukumu. Huku Fizi na Baraka, mtu akikohoa siku nyingi na kukonda, majirani husema mara moja, "Ni kifua kikuu." Mara nyingi husema kweli, maana Kongo ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa kabisa wa ugonjwa huo duniani. Lakini si kila mara.

Kifua kikuu huletwa na vijidudu, ambavyo Robert Koch wa Ujerumani alivitambulisha mwaka 1882. Huenea hewani mgonjwa anapokohoa. Dalili zake twazijua: kikohozi kipitacho majuma mawili, homa, jasho la usiku, kukonda, pengine makohozi yenye damu.

Sarkoidosi ni ugonjwa mwingine. Jina lake latokana na maandishi ya Caesar Boeck, daktari wa Norwe, ya mwaka 1899. Chanzo chake hakijajulikana hata leo, wala hauambukizi. Askari wa mwili hukusanyika na kufanya vinundu vidogo mapafuni, katika tezi, katika ngozi au machoni. Mgonjwa hukohoa, huchoka na pengine hukonda. Hata picha yaweza kumdanganya daktari, ingawa tezi zilizovimba sawasawa pande zote mbili za kifua humfanya aufikirie ugonjwa huu.

Je, kuna haja gani ya kuyatenga maradhi haya? Haja ipo, kwa kuwa dawa ya moja yaweza kulichochea la pili. Sarkoidosi mara nyingi hupoa yenyewe. Ikizidi, hutibiwa kwa prednisoloni, dawa inayotuliza askari wa mwili. Mwenye kifua kikuu akipewa hiyo peke yake, ni kama kuwaondoa walinzi mwizi akiwa ndani. Naye mwenye sarkoidosi akimeza dawa za kifua kikuu miezi 6, haponi kwazo, na jamaa humtenga bure.

Basi hupimwa makohozi kwanza, kwa darubini au kwa mashine ya Xpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2010. Jibu lake hupatikana kwa saa 2 hivi. Vijidudu visipoonekana, si hakika kwamba havipo. Daktari hurudia kipimo, au huagiza kipande kidogo cha tezi au pafu kichunguzwe. Kinundu cha kifua kikuu mara nyingi kimekufa katikati, laini kama jibini. Cha sarkoidosi kwa kawaida hakiko hivyo. Kazi hiyo yataka hospitali kubwa, na toka Baraka hata Bukavu ni safari ndefu.

Wachimba dhahabu wa Misisi wana jambo la tatu: vumbi la mawe. Nalo huacha vivuli mapafuni, tena humfungulia njia kifua kikuu. Mchimbaji amwambie daktari kazi yake.

Enyi wazazi, mwenye kikohozi cha majuma mawili apelekwe kupimwa, asinunuliwe vidonge sokoni. Akikutwa na kifua kikuu, amalize dawa zote hata akijisikia mzima. Asipopata nafuu, arudi hospitalini. Msitafute mchawi, tafuteni kipimo cha pili.