Lupini: uchungu hutolewa kwa maji, si kwa moto

Jioni jijini Cairo, kandokando ya Mto Nile, wachuuzi husukuma mikokoteni iliyojaa punje bapa za rangi ya njano, zilizokamuliwa limau na kunyunyiziwa bizari nyembamba. Hizo ni punje za lupini, ambazo Wamisri huziita turmus na huzila sana siku ya Sham el-Nessim, sikukuu yao ya kupokea majira ya kuchipua. Nchini Ureno huletwa mezani pamoja na bia. Karibu zaidi nasi, wakulima wa eneo la Amhara nchini Ethiopia huzilima kwa jina la gibto.

Jamii hizi zote zilijifunza jambo moja: lupini mbichi hailiwi. Punje chungu zina alkaloidi, hasa lupanini na sparteini, ambazo mmea huzitengeneza ili kujikinga na wadudu na wanyama. Mtu akizila kwa wingi, mdomo humkauka, mboni za macho hutanuka, huona ukungu, hupata kizunguzungu, moyo humwenda mbio na mkojo huweza kuziba.

Wapishi wengi hukosea wakidhani kwamba kuchemsha kunatosha. Alkaloidi hizi haziharibiwi na joto la jikoni. Hata hivyo, huyeyuka kwenye maji, na hiyo ndiyo njia ya kuzitoa. Kazi ya moto ni kulainisha punje, kuua uwezo wake wa kuota na kufungua njia ili sumu itoke. Anayejua kuloweka mihogo michungu hatapata taabu kuelewa mantiki hii.

Chambua punje kavu, zioshe, kisha ziloweke usiku kucha katika maji mengi, kwa kuwa zitavimba sana. Mwaga maji hayo. Zichemshe katika maji mapya kwa muda wa nusu saa hadi saa moja, ziive lakini zisipondeke. Mwaga tena, kisha zifunike kwa maji baridi na uyabadilishe angalau mara mbili kwa siku. Katika nchi zetu zenye joto, chombo kikae kwenye jokofu, la sivyo punje zitachacha. Kazi hii huchukua siku tano hadi wiki mbili, kutegemea aina ya mbegu.

Kipimo cha nyumbani ni ulimi. Ng'ata punje moja: ikiwa chungu, iteme na uendelee kubadilisha maji. Usitie chumvi, limau wala pilipili kabla uchungu haujaisha, maana viungo huuficha. Maji ya kulowekea yamwage, usiwanyweshe mifugo. Uchungu ukishakwisha kabisa, zihifadhi kwenye maji ya chumvi ndani ya jokofu. Wakati wa kula, toboa ganda kwa meno na ubane punje. Kiini kitachomoka chenyewe.

Faida yake inastahili subira hiyo. Zaidi ya theluthi moja ya uzito wa punje kavu ni protini. Gramu 100 zilizopikwa hutoa takribani gramu 15 za protini, zina nyuzinyuzi nyingi, na wanga wake ni kidogo sana kuliko wa maharage. Mwenye shinikizo la damu azisuuze ili kupunguza chumvi.

Wapo pia wasiopaswa kuzigusa. Anayedhurika kwa karanga anaweza kudhurika kwa lupini pia, kwani protini za vyakula hivi viwili zinafanana. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya huwataka watengenezaji wa vyakula waitaje lupini kwenye lebo. Mbegu za lupini za maua ya bustani nazo si chakula.

Aina tamu, zenye alkaloidi kidogo, zilianza kuteuliwa na mtaalamu wa mbegu Reinhold von Sengbusch nchini Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1920, na leo hulimwa kwa wingi Australia Magharibi. Ukinunua punje kavu bila kujua aina yake, zihesabu kuwa chungu. Kama huna nafasi ya kubadilisha maji kila siku, nunua zilizokwisha kutayarishwa. Na mtu akipata dalili nilizozitaja baada ya kula, mpelekeni hospitali bila kuchelewa na mumweleze daktari kwamba alikula lupini.